Nairobi hadi Kisumu kwa Ndege: Ni Kilomita Ngapi, na Ni Saa Ngapi Kweli?

Ukisimama kando ya reli pale Laini Saba asubuhi, unaona njia mbili za kwenda Kisumu kwa wakati mmoja. Mbele yako ni reli ya zamani, ile iliyofika Kisumu mnamo Desemba 1901, wakati mji huo ukiitwa Port Florence. Juu ya kichwa chako ni ndege ndogo iliyotoka Wilson dakika moja iliyopita na bado inapanda. Wakazi wengi wa Kibera na Kawangware wana nyumbani kwingine upande huo wa magharibi: Siaya, Vihiga, Kakamega, Busia, Kisii, Homa Bay. Wengi wameenda huko kwa basi miaka yote. Siku hizi, nauli ya ndege ikishuka, baadhi hujiuliza kama kuna haja ya kukaa barabarani siku nzima.

Mara nyingi swali hilo halitokani na udadisi. Simu imelia usiku, mzee amelazwa, au mazishi yamesogezwa mbele na kesho saa nne lazima uwe bomani. Mtu anafungua simu, anaona kwamba ndege inachukua dakika hamsini, anachanga pesa na kukata tiketi, halafu anafika akiwa amechelewa na hajui saa zake zimepotelea wapi. Makala hii inaeleza saa hizo zinakwenda wapi, ili uamue ukiwa na hesabu kamili mkononi.

Umbali wenyewe

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA) hadi ule wa Kisumu ni takriban kilomita 280 kwa mstari ulionyooka. Kutoka Uwanja wa Wilson ni takriban kilomita 270, kwa kuwa Wilson iko upande wa magharibi zaidi. Kwa barabara, kutoka katikati ya jiji kupitia Naivasha, Nakuru, Mau Summit, Kericho na Ahero, ni kama kilomita 350. Barabara ni ndefu kwa sababu inapanda kaskazini hadi Nakuru kabla ya kugeuka kuelekea ziwani, na kwa sababu Bonde la Ufa halikuumbwa kwa ajili ya kurahisisha safari za mabasi.

Ukikuta umbali umeandikwa kuwa 151 badala ya 280, usidhani kuna kosa. Watu wa ndege hupima kwa maili za baharini, na maili moja ya aina hiyo ni kilomita 1.852.

Kwa kulinganisha, JKIA hadi Uwanja wa Moi, Mombasa, ni takriban kilomita 423 angani, na barabara ni karibu kilomita 485. JKIA hadi Eldoret ni takriban kilomita 268, karibu sawa na Kisumu.

Kwa nini kilomita 280 zichukue dakika hamsini?

Hapa ndipo hesabu huwachanganya watu. Ndege ya jeti inayotumika katika safari za ndani, kwa mfano Embraer 190, hukimbia karibu kilomita 830 kwa saa ikiwa juu. Gawanya 280 kwa 830 upate kama dakika 20. Ndege ya propela kama Dash 8-400, ile yenye mapanga yanayozunguka mbele ya mabawa, hukimbia karibu kilomita 660 kwa saa. Hiyo ingetumia kama dakika 25. Mbona basi tiketi inasema dakika 50, na nyingine 55 au hata saa moja?

Sababu ya kwanza ni kwamba muda ulioandikwa kwenye tiketi si muda wa kuwa hewani. Unahesabiwa tangu ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa hadi inapoegeshwa tena kule inakokwenda. Ndani yake kuna kusukumwa nyuma, kutembea hadi mwanzo wa njia ya kurukia, na kusubiri zamu. Asubuhi pale JKIA unaweza kukuta ndege tano zimepangana foleni kama matatu stejini.

Ya pili ni upepo. Ndege huruka na kutua ikielekea upepo unakotoka, na Nairobi upepo hutoka zaidi mashariki na kaskazini mashariki. Kwa hiyo siku nyingi ndege ya Kisumu, ambayo inataka kwenda magharibi, huruka kwanza kuelekea mashariki, kisha inazunguka na kurudi. Abiria aliyekaa dirishani huona Embakasi na nyika ya Machakos kabla ya kuona Ngong. Dakika kadhaa zimekwisha na hujakaribia Kisumu hata kidogo.

Ya tatu ndiyo kubwa. Ndege haiendi kilomita 830 kwa saa tangu mwanzo. Inapanda polepole, na ikishafika juu inakuwa imekaribia mahali pa kuanza kushuka. Safari ya Kisumu ni kupanda na kushuka; katikati pana dakika chache tu za kwenda sambamba. Ndiyo maana mhudumu akianza kugawa maji mara husikia rubani akimwambia arudi kuketi.

Kutokana na hayo, mwendo wa wastani wa safari ya Kisumu, ukigawa kilomita 280 kwa dakika 50, ni karibu kilomita 336 kwa saa. Mombasa, yenye kilomita 423 kwa muda wa saa moja hivi, inatoa wastani wa 423 kwa saa. Ukienda Dubai, kilomita 3,550 kwa kama saa tano, wastani unafika 710. Kadiri safari inavyokuwa ndefu ndivyo ndege inavyopata nafasi ya kuonyesha mbio zake. Hii pia ndiyo sababu ya kutosumbuka sana kama ndege yako ya Kisumu ni jeti au ni ya propela. Tofauti yake ni kama dakika tano, muda ambao mtu anaweza kuupoteza akitafuta begi.

Kutoka mlangoni hadi mlangoni

Dakika hamsini ni sehemu ndogo ya siku yako. Tuchukue mfano wa mkazi wa Kawangware, karibu na stendi ya 46, anayekwenda kwao Luanda katika Kaunti ya Vihiga. Amekata tiketi ya ndege ya saa tatu kamili asubuhi kutoka JKIA.

Kawangware hadi JKIA ni kama kilomita 20 kwa mstari ulionyooka, na zaidi ya hapo kwa barabara. Kwa matatu ni lazima aingie mjini kwanza, kisha apande ya 34 ya kwenda uwanjani. Asubuhi ya siku ya kazi, hiyo ni saa moja na nusu, na kukiwa na mvua ni mbili. Kwa hiyo anatoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro robo ili afike saa moja na robo. Langoni, kabla hajafika kwenye majengo ya abiria, anapita ukaguzi wa kwanza. Siku ya Ijumaa foleni hiyo si ya kudharau. Anafika kaunta, anapata pasi ya kupandia ndege, anapita ukaguzi wa pili, anasubiri. Ndege inaondoka saa tatu na kufika Kisumu saa nne kasoro dakika kumi. Hadi achukue begi na kutoka nje, ni saa nne na robo. Uwanja wa Kisumu uko upande wa barabara ya Busia, kwa hiyo kwake yeye ni bahati: anashika matatu ya kuelekea Maseno na Luanda bila kurudi mjini. Saa tano na nusu yuko nyumbani.

Jumla ni karibu saa sita kasoro robo, na ni dakika hamsini tu ndani yake zilizohusu kuruka.

Jirani yake anayekwenda kwa basi hahitaji kuingia mjini. Kawangware iko magharibi ya jiji, na mabasi ya kwenda magharibi hupita Waiyaki Way. Anapanda pale Kangemi, hatua chache kutoka nyumbani. Akitoka nyumbani saa hiyo hiyo ya kumi na mbili kasoro robo na basi likaondoka saa moja, kwa mwendo wa kawaida wa saa saba hadi nane atakuwa Kisumu kati ya saa nane na saa tisa alasiri, na Luanda saa moja hivi baadaye, mradi Mau Summit kusiwe na lori lililolala barabarani.

Kwa hiyo ndege imemwokolea huyu wa kwanza saa tatu na nusu hadi nne na nusu. Hazikuwa saba, kama alivyodhani alipoona dakika hamsini kwenye simu. Saa nne ni nyingi mno kama daktari amesema njooni haraka. Kama ni safari ya Krismasi na una watoto wanne, ni tiketi sita za kuokoa nusu siku.

Kuna pia basi la usiku, ambalo hesabu za namna hii hulisahau. Linaondoka jioni na kukufikisha alfajiri, na halikuli siku ya kazi hata moja. Mtu aliyepigiwa simu saa mbili usiku akitakiwa awe Kisumu saa mbili asubuhi huenda akafika mapema kwa basi kuliko kwa ndege ya kwanza ya kesho, kwa sababu ndege hiyo nayo inasubiri kupambazuke. Wanaokataa basi la usiku kwa ajili ya usalama wana sababu zao, na sisi hatuwezi kuwalaumu.

Mfano wa Kibera unatoa jibu tofauti, na wengi hawalitarajii. Kutoka katikati ya Kibera hadi Wilson ni kama kilomita tatu kwa mstari ulionyooka. Hakuna njia ya kukata moja kwa moja, lazima uzunguke kwa Mbagathi Way na Lang'ata Road, lakini hata kwa kuzunguka ni safari ya bodaboda fupi, na wapo wanaotembea. Wilson ni ndogo, foleni zake ni fupi. Ikiwa shirika ulilochagua linaondokea Wilson, mkazi wa Lindi au Makina anaweza kutoka nyumbani saa moja na nusu na kupanda ndege ya saa tatu. Huyu ameokoa saa nzima na zaidi kuliko ndugu yake wa Kawangware, ingawa wote wanaishi Nairobi na wanakwenda mahali pamoja.

Kwa hiyo unapolinganisha nauli, usilinganishe tiketi na tiketi. Tiketi ya bei nafuu kutoka JKIA, ukiongeza teksi ya alfajiri kutoka Gatina au Kabiro, inaweza kuizidi ile ya Wilson iliyoonekana ghali. Barabara ya juu, Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022, inaanzia James Gichuru, si mbali na Kawangware, na inapita karibu na JKIA kuelekea Mlolongo. Inapunguza muda sana wakati wa msongamano, ila ushuru wake unalipwa na wewe uliyekodi teksi. Mkazi wa Kibera anayelazimika kwenda JKIA ana Southern Bypass, ambayo inamtoa hadi Mombasa Road bila kupita mjini.

Nairobi ina viwanja viwili, na tiketi haipigi kelele

Kosa linaloumiza kuliko yote ni kwenda uwanja usio wako. Linawapata hata watu wanaosoma vizuri. Aliyeandika makala hii aliwahi kufika Wilson na tabasamu, saa moja kamili kabla ya safari, akiwa na tiketi ya JKIA mfukoni. Kati ya viwanja hivyo viwili ni kama kilomita 13 kwa mstari ulionyooka, na barabara ni ndefu zaidi. Siku hiyo Mombasa Road ilikuwa imesimama, na ndege ikaondoka bila yeye.

Sababu ya kosa ni kwamba tiketi huandika "Nairobi" kwa herufi kubwa na kuacha mengine kwa herufi ndogo. Angalia herufi tatu zilizo kando ya jina. NBO ni JKIA. WIL ni Wilson. Kisumu ni KIS, Mombasa ni MBA, Eldoret ni EDL. Mashirika mengine yana safari kutoka viwanja vyote viwili, kwa hiyo usiseme "shirika hili nalijua". Unaweza kuondokea Wilson na kurudi kwa JKIA ndani ya tiketi moja.

Viwanja hivi vilizaliwa kwa nyakati tofauti na kwa kazi tofauti. Wilson ndio mkubwa kwa umri. Ulianza mwaka 1929 pamoja na kampuni ya Wilson Airways ya Florence Kerr Wilson, ukaitwa Nairobi West, na jina la sasa ukapewa 1962. Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958, baada ya kujengwa kwa jasho la wafungwa wa wakati wa Hali ya Hatari, ukabadilishwa jina mwaka 1978 kwa heshima ya Rais wa kwanza. Njia yake ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita nne. Urefu huo unatokana kwa sehemu na mahali tulipo: Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ndege kubwa huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka kuliko pale Mombasa, ambako uwanja uko mita 60 hivi tu juu ya bahari.

Ndege nyingi unazoziona juu ya Kibera basi ni za Wilson: za abiria wa ndani, za watalii wa Maasai Mara, za mizigo ya kaskazini, za wanafunzi wa urubani wanaozunguka na kurudi. Nyingine ni za madaktari. Huduma ya Flying Doctors, iliyoanza mwaka 1957 na kuzaa shirika la Amref, bado inarukia Wilson. Anayelalamikia kelele ya saa nane usiku ana haki ya kulalamika, ila huenda ndege hiyo ilikuwa imeitwa kumfuata mgonjwa.

Na kwa wale wanaodhani Kisumu imejifunza ndege juzi: mwaka 1931 ndege za Imperial Airways zilizotoka Uingereza kuelekea Mwanza zilikuwa tayari zikitua Kisumu.

Saa ya tiketi na saa ya Kiswahili

Tiketi hutumia saa 24, nasi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Njia rahisi ni kutoa sita. 07:00 ni saa moja asubuhi. 13:30 ni saa saba na nusu mchana. Ikipita 18:00, toa kumi na nane: 19:45 ni saa mbili kasoro robo usiku.

Hatari inakuja tunapozungumza kwa simu. Nairobi tunachanganya lugha, na mtu akisema "ndege ni ya saba" mwenzake anaweza kusikia saa saba mchana huku yeye akimaanisha saa moja asubuhi. Tofauti ya saa sita haina dawa. Usimwambie ndugu muda kwa mdomo peke yake. Mtumie picha ya tiketi.

Baya kuliko hilo ni ndege za usiku wa manane, na hili linawahusu hasa vijana wetu wanaokwenda kufanya kazi Ghuba. Tiketi ikisema Jumapili 00:30, ndege inaondoka nusu saa baada ya Jumamosi kwisha. Unatakiwa uwe JKIA Jumamosi usiku, na kwa safari ya nje fika saa tatu kabla, yaani saa tatu na nusu usiku wa Jumamosi. Ukienda Jumapili usiku umechelewa kwa siku nzima.

Kwa wasafiri hao, kumbuka pia kwamba saa za kuwasili huandikwa kwa saa ya huko. Riyadh, Jeddah na Doha zina saa sawa na ya Nairobi, kwa hiyo ukitoa saa ya kuondoka kutoka ya kuwasili unapata muda halisi. Dubai iko mbele kwa saa moja. Tiketi ya kuondoka 22:45 na kuwasili 04:45 inaonekana kama saa sita, kumbe ni tano. Jeddah ndiyo iliyo karibu zaidi kati ya hizo, kama kilomita 2,570 kutoka JKIA. Doha ni kama 3,360.

Yanayomrudisha mtu kaunta

Safari ya ndani haihitaji pasipoti, lakini kitambulisho cha taifa ni lazima, kile chenyewe na si picha kwenye simu. Jina kwenye tiketi lifanane na la kitambulisho. Mtoto asafiri na cheti cha kuzaliwa. Kaunta hufungwa kabla ya ndege kuondoka, mara nyingi kati ya dakika 30 na 45 kabla, na ikishafungwa hata kama unaiona ndege kupitia kioo hutaipanda. Muda kamili umeandikwa kwenye tiketi, ule usiosomwa na mtu.

Mizigo ndiyo inayogeuza tiketi rahisi kuwa ghali. Tiketi za bei ya chini huruhusu begi dogo la mkononi peke yake, na gunia la sukari, unga na nguo za wajukuu lina malipo yake kwa kilo. Ndege ndogo za Wilson huwa kali zaidi, kwa sababu kwao kila kilo inahesabiwa. Kama unapeleka vitu vingi nyumbani, peleka vitu kwa basi na wewe upande ndege. Wenye mabasi wamezoea kubeba vifurushi visivyo na abiria.

Mama mjamzito aliyepita wiki 28 achukue barua ya daktari, kwani mashirika mengi huidai. Mgonjwa asiyeweza kuketi hawezi kukatiwa tiketi ya kawaida. Shirika liulizwe mapema. Kusafirisha mwili wa marehemu nako hupitia idara ya mizigo na huhitaji kibali cha mazishi. Familia nyingi hupeleka mwili kwa barabara na kumtanguliza mmoja wao kwa ndege ili akaandae boma. Kwa maoni yetu huo ni mpango mzuri kwa dharura nyingi: mmoja aruke, wengine wafuate kwa basi, na pesa iliyobaki isaidie kule inakohitajika.

Mvua, mawingu na ndege ya mwisho

Kisumu mvua ya radi hupenda kuja alasiri na jioni, ikitoka ziwani na milima ya Nandi na Kericho. Rubani akikuta wingu hilo juu ya uwanja atazunguka akisubiri, au atarudi Nairobi. Nairobi nayo, hasa kati ya Juni na Agosti, ina asubuhi za mawingu ya chini ambayo huchelewesha safari za mapema. Kwa jambo ambalo haliwezi kungoja, chagua ndege ya asubuhi lakini si ya kwanza kabisa ukiweza, na uepuke ya mwisho ya jioni. Ile ya asubuhi ikiahirishwa bado kuna nyingine siku hiyo, na basi la usiku pia lipo. Ile ya jioni ikiahirishwa, unalala Nairobi.

Nani anahusika na nini

Wakazi huuliza kwa nini Kaunti haifanyi hili au lile kuhusu viwanja vya ndege. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, usafiri wa anga ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Viwanja vinaendeshwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Kenya, na usalama wa anga, pamoja na kibali cha urefu wa majengo yaliyo karibu na Wilson, unasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Anayejenga ghorofa Kibera au Lang'ata hana budi kukumbuka hilo la pili kabla ya kumwaga zege la orofa ya mwisho. Kazi ya Kaunti ni barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na uchukuzi wa abiria wa barabarani. Kwa maneno mengine, malalamiko kuhusu ndege yapelekwe kwa mamlaka hizo. Malalamiko kuhusu giza la stejini saa kumi alfajiri, unapokwenda kuitafuta ndege hiyo, yaletwe katika ofisi ya wadi yako.

Ukitua Kisumu, uamuzi wa mwisho uko mlangoni mwa uwanja. Anayekwenda Maseno, Luanda, Siaya au Busia asiingie mjini. Barabara yake iko pale pale nje. Anayekwenda Ahero, Oyugis, Kisii au Homa Bay avuke mji kwanza, naye aongeze muda wake. Anayekwenda Bungoma, Webuye au Kitale angeangalia ndege ya Eldoret kabla ya kukata ya Kisumu, kwa sababu umbali wa angani ni karibu sawa na safari ya barabara inayobaki hutofautiana sana.